Hakuna Kilichoota

Kidonda cha Mama Apolonia kilianza na kokoto. Jumatatu ya Pasaka alitoka kuanika nguo, kokoto likaingia kwenye kandambili, na kwa kuwa ana kisukari, miguu yake ilikwisha acha kumpa habari siku nyingi. Alilikanyaga kokoto lile tangu asubuhi mpaka saa kumi bila kujua. Alipovua kandambili, chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia palikuwa na shimo la ukubwa wa tundu la kifungo.

Kufika Pentekoste shimo lilikuwa limelingana na kisoda, nalo lilikuwa na madaktari wawili. Wa kwanza ni mumewe, Mzee Gozbert, karani wa bohari mstaafu. Wa pili ni binamu yake, Audax, mwenye kibanda cha dawa za asili kando ya Barabara ya Bagamoyo, hapa kwetu Tegeta. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa daktari. Tofauti yao ni kwamba Audax alijiita daktari kwenye kibao, na Gozbert alijiita daktari moyoni.

Hospitali Mama Apolonia hakutaka kuisikia. Dada yake mkubwa, kule Muleba, aliingia hospitali na kidole kibovu akatoka bila mguu, na haikupita miezi minne wakamzika.

"Hospitali wanaanzaga na kidole," alituambia. "Kidole ni kionjo."

Basi akabaki na chupa mbili. Asubuhi alimwagia dawa ya binamu, jioni dawa ya mume, ili nyumba iwe na amani.

Dawa ya Audax iliitwa Mbegu Saba. Alichemsha mbegu za mlonge, papai, mwarobaini, uwatu, habasoda na boga. Ya saba alisema ni siri ya babu, na sisi tuliomfahamu babu yake tulishangaa, maana yule mzee alikuwa fundi cherehani. Aliitia dawa hiyo kwenye chupa za maji zilizookotwa na kusuuzwa, na spika ya kibanda chake ilitangaza kuwa inatibu minyoo, presha, vidonda vya ndani, vidonda vya nje, na kukataliwa na wakwe.

Mzee Gozbert alicheka sana jambo hilo. Yeye alikuwa mtu wa sayansi. Alisoma gazetini kuwa mbegu za papai huua vijidudu, na kwa muda wa wiki tatu nyumba ile haikula tunda jingine. Mbegu alizianika juu ya bati, akazitwanga, akaziloweka siku tano ndani ya spiriti ya famasi, kisha akachuja kwa leso yake ya harusi. Akapata maji ya rangi ya chai ya rangi. Akabandika karatasi iliyopigwa mistari kwa rula: KIINI CHA MBEGU ZA PAPAI. USITIKISE. Alipommwagia mkewe kwa mara ya kwanza alimuuliza kama inauma. Akasema haiumi. Gozbert aliandika kwenye daftari lake: "Dawa ni laini."

Mambo yangeendelea hivyo kama si Herieth. Huyu ni binti wa kaka yake Mama Apolonia, fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini. Alikuja Jumapili kumjulia hali shangazi yake, akafungua kitambaa, akakifunga tena taratibu. Akatoka barazani akasimama akiitazama kamba ya nguo kama mtu anayehesabu vibanio. Aliporudi ndani alisema:

"Shangazi, twende hospitali sasa hivi."

"Sasa hivi nina wageni."

"Wageni gani? Mimi?"

"Wewe si mgeni? Kaa unywe chai."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Hatimaye Herieth akasema kitu ambacho nadhani hakuwa amekipanga: "Basi nizipime hizo dawa. Maabarani kwetu tunapima dawa za mbegu kila wiki. Kiongozi wangu atakubali."

Mama Apolonia akafikiri. Akasema mbele yetu, nami nilikuwepo: "Pima. Chupa itakayoshinda ndiyo nitakayoendelea nayo, na nyingine imwagwe. Zikishindwa zote mbili, nitakwenda hospitali, hata wakinikata. Mguu huu utafuata karatasi."

Gozbert na Audax walikubali haraka sana. Kila mmoja alikuwa amesikia sentensi ya kwanza tu.

Gozbert aliweka masharti mawili. Kwanza, majibu yaje yamefungwa kwenye bahasha, ifunguliwe mbele ya Jumuiya yetu ya sala ya mtaani. Pili, yaandikwe kwa Kiswahili, "ili shemeji yangu asipate pa kujificha."

"Mie nijifiche kwenye Kiingereza?" Audax akajibu. "Shemeji, hicho ni chumba chako."

Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Karatasi ingekuja kwa Kiingereza tungeitazama, tungetikisa vichwa, na tungempigia simu aliyeiandika. Kwa kuwa ilikuja kwa Kiswahili, kila mtu aliielewa.

Namna wanavyopima ni hivi. Wana visahani vyenye kitu kama uji ulioganda, ambacho ni chakula cha vijidudu. Wanavipaka vijidudu, vya aina ile inayotia usaha vidonda. Wanachovya kikaratasi cha duara kwenye dawa, wanakiweka katikati ya kisahani, na kisahani kinalala kwenye kabati lenye joto kama la mwili. Kesho yake vijidudu vimeota kama ukungu. Dawa ikiwa na nguvu, kuzunguka kikaratasi panabaki duara tupu, kama pale chungu kilipokaa juu ya majani, nalo wanalipima kwa rula. Haya Herieth alinieleza mimi baadaye. Laiti angenieleza kabla, maana mimi ndiye katibu wa Jumuiya, na mimi ndiye niliyesoma.

Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi, nyumbani kwa Gozbert. Tulikwisha sali rozari. Watu walikuwa wengi kuliko siku za kawaida, na wengine niliwaona wakipekua vitabu vya sala kama watu waliovisahau. Mama Apolonia alikaa kwenye kiti cha uvivu, mguu juu ya stuli, umefunikwa kanga. Herieth hakuwepo, Jumamosi huwa kazini. Gozbert alivaa koti lake la suti, ambalo havui mbele za watu hata kwenye joto la mwezi wa kwanza. Audax alikuja na chupa mpya ya Mbegu Saba, lita nzima, akaiweka mezani karibu na msalaba.

Mwenyekiti wetu, Mama Tusajigwe, alipasua bahasha akanikabidhi. Yeye ni bibi shamba mstaafu, Mnyakyusa wa Tukuyu, na ana utani mkali na Wahaya kama Gozbert na Audax.

"Soma, katibu. Taratibu. Leo manshomile wawili, wasomi wetu wa Kihaya, wanapimwa kwa ratili moja."

Nikasoma: "Chupa ya kwanza, ya Mzee Gozbert. Kuzunguka dawa, hakuna kilichoota."

Nikaendelea: "Chupa ya pili, ya Bwana Audax. Kuzunguka dawa, imeota sana, mpaka ukingoni. Kisahani cha tatu, ambacho hakikupakwa kitu, ila dawa ya Bwana Audax peke yake: nacho kimeota sana."

Kisha Audax akainuka.

"Imeota!" alisema. "Hata pasipopakwa kitu, imeota!"

"Mungu mkubwa," sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma.

Watu wakamtazama Mama Tusajigwe, kwa sababu kama kuna mtu wa mbegu mtaani petu ni yeye. Naye hakutuangusha. Alivua miwani.

"Mie nimepima mbegu za serikali miaka thelathini na mmoja. Unaweka mbegu mia kwenye kitambaa chenye maji. Zikiota tisini, hiyo mbegu, mpe mkulima. Isipoota hata moja, ile ni mbegu mfu, mrudishie aliyekuuzia." Akamgeukia Gozbert. "Baba, pole. Yako imekufa."

Makofi yakalipuka. Mimi nami nilipiga, siwezi kuficha. Nilisoma biolojia shule ya jioni, baada ya kazi, nikiwa na watoto wanne, na nikafaulu. Kichwani mwangu kulikuwa na kitu kikinigonga kwamba neno "kuota" hapa lina mwenyewe mwingine. Lakini mtu hawezi kugongwa kichwani na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Nikachagua makofi. Karatasi ilikuwa na ukurasa wa pili, nikaukunjia ndani.

Kilichonishangaza ni Gozbert mwenyewe. Nilidhani atabisha. Alikaa akitazama viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo, "Labda spiriti iliziunguza. Ningeloweka siku tatu tu."

"Shemeji, usijilaumu," Audax akamwambia, akiwa ameshika bega lake. "Elimu ni kitu kizuri, ila mbegu inataka mkono. Katibu, andika kwenye muhtasari: imeota sana. Chini yake pigia mstari." Kisha akaifungua ile chupa ya lita. "Dada, tuanze upya. Leo nakumwagia mbele ya mashahidi. Na ile ya papai iende msalani."

Alipiga goti mbele ya stuli. Akaondoa kanga. Akaanza kufungua kitambaa, na waliokaa mbele wakarudisha viti nyuma kidogo kwa adabu, kwa sababu ya harufu.

"Ngoja," Mama Apolonia akasema.

"Haiumi, dada."

"Najua haiumi, hakuna kinachoniuma huko. Audax, hizi mbegu zako huwa unazifanyaje?"

"Nazichemsha. Saa mbili, moto wa mkaa."

"Saa mbili."

"Mpaka zivurugike."

"Waitu, ndugu yangu, mie ni mtoto wa shamba kama wewe. Mbegu iliyochemshwa saa mbili ikavurugika, imeotaje?"

Mama Tusajigwe alivaa miwani yake tena, akaanza kuisafisha ikiwa usoni.

"Na wewe," Mama Apolonia akamgeukia mumewe, "umekaa hapo unalia mbegu zako hazikuota. Si ulizitwanga kwenye kinu changu? Mpaka leo kisamvu changu kinanuka papai. Mbegu ya unga iote, itoe nini? Uji?"

Kijana mmoja wa kwaya alicheka, akakanyagwa.

"Kitu kimeota," Mama Apolonia akasema, "lakini si mbegu. Nipeni simu."

Alimpigia Herieth, akaweka sauti ya wote.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Tumesoma karatasi yako. Kilichoota ni nini?"

"Ni wadudu, shangazi! Kwani katibu hakuwaeleza?"

Watu walinitazama. Nikatazama dari.

"Wadudu gani?"

"Wale wanaotia usaha kidonda. Niliwapaka kwenye kisahani, nikaweka dawa ya baba mdogo Audax katikati, wakaota wakaizunguka, wakapanda juu yake. Hawakuijali. Halafu nikaiweka dawa yenyewe kwenye kisahani kisafi, ambacho sikupaka mdudu hata mmoja. Ikaotesha wa kwake. Shangazi, ile chupa ina wadudu wengi kuliko maabara yetu."

Audax alikuwa bado amepiga goti. Alikifunga kifuniko cha chupa, taratibu, mizunguko mitatu, akaificha nyuma ya mguu wa stuli.

"Wadudu wengine ni wazuri," alisema. "Mtindi una wadudu."

"Kidonda si mtindi, baba mdogo," simu ikajibu.

Na hapo Gozbert akafufuka. Nimemfahamu mtu huyu miaka ishirini na sijapata kumwona akisimama haraka vile. Alifunga vifungo vyote vya koti.

"Hakuna kilichoota!" alisema. "Yangu, hakuna kilichoota! Mmesikia? Maana yake imeua! Imeua wote! Mwenyekiti, umesema mbegu yangu imekufa. Waliokufa ni wadudu! Katibu, futa ulichoandika. Andika: hakuna kilichoota. Pigia mistari miwili!"

Makofi yakaanza tena, kutoka mikono ileile. Audax naye alipiga, kwa ajili ya usalama.

"Mjomba," Herieth akaita. "Mjomba Gozbert. Ukurasa wa pili mmesoma?"

Nikaukunjua. Sauti yangu ni ya mtu aliyezoea kusoma somo la pili kanisani, nikasoma: "Kwa kulinganisha. Spiriti yenye mbegu za papai: duara tupu la milimita kumi na tisa. Spiriti peke yake, bila papai: milimita kumi na tisa."

"Zimelingana," Gozbert akasema. "Hiyo ni sare."

"Sare ya nani na nani?" Mama Tusajigwe akauliza.

Simu ndiyo iliyojibu.

"Mjomba, papai halikufanya kitu. Aliyeua ni spiriti. Na spiriti huwezi kuitia kwenye kidonda kilicho wazi kila siku. Inaua wadudu, inaua na nyama mpya inayojaribu kufunga. Ingekuwa mguu wangu mie, ningepiga kelele ukasikia mpaka Bunju."

Nje, mchuuzi wa samaki alipita akiita, akaenda zake. Mama Apolonia hakumtazama Audax. Alimtazama mumewe.

"Umenimwagia wiki ngapi?"

"Nne."

"Kila jioni."

"Kila jioni."

"Na ulijua inachoma?"

"Nilikuuliza," Gozbert akasema. "Hukulalamika."

Aliposema hivyo alisikia mwenyewe alichosema. Nilimwona akisikia. Mguu usiolalamika ndio uliolileta kokoto ndani ya nyumba, naye alikuwa ameuandika kwenye daftari kuwa ni ushahidi.

"Herieth," Mama Apolonia akasema. "Nijibu moja tu. Zimeshindwa zote mbili?"

"Zote, shangazi."

"Basi." Akakata simu. Alijaribu kuusimamia ule mguu, akakaa tena. Sote tulijua anamwona dada yake. "Nileteeni kitenge."

Audax alisema leo ni Jumamosi, wikiendi madaktari wazuri hawapo, heri tungoje Jumatatu. Mama Tusajigwe alimwambia akachemshe mdomo wake saa mbili. Gozbert alianza kusema kwamba kitaalamu jaribio lingeweza kurudiwa kwa kuloweka mbegu kwenye maji safi, ili papai lipate haki yake. Aliishia katikati ya neno "haki". Kitambaa kilikuwa kimefunguka, na kile kidole kidogo kilikuwa wazi mbele ya Jumuiya nzima, cheusi kama mbegu. Gozbert akavua koti, akalitupa kitini, akatoka mbio na shati lake lililotoboka mgongoni kutafuta bajaji, mzee wa miaka sabini na mbili, akiita barabarani kama konda.

Kwenye bajaji aliingia mgonjwa, Mama Tusajigwe na mimi. Gozbert alisimama mlangoni, hakuthubutu kupanda mpaka aambiwe. Mkewe alimnyooshea mkoba.

"Panda," alisema. "Nani atanishikia mkoba?"

Hospitali muuguzi alifungua kidonda akakunja uso. Alikuwa msichana mdogo, na kalamu yake ilikuwa tayari juu ya fomu.

"Mama, mlikuwa mnatia nini humu?"

"Ubishi," Mama Apolonia akajibu. "Wa wazee wawili. Andika."

Gozbert aliyatoa maelezo mwenyewe: spiriti, papai, jioni, wiki nne. Hakuongeza la gazeti. Alitaja na Mbegu Saba, bila kumcheka Audax, na alipoulizwa ni nani aliyekuwa akimtibu mgonjwa, alisema, "Mimi." Daktari alikuja, akapima, akapiga picha ya mfupa. Alisema kidole hakiwezi kupona. Wangekuja Pasaka ingekuwa kukisafisha tu, wangekuja mwezi ujao ingekuwa habari ya goti. Mama Apolonia alimwuliza mara tatu kama ni kidole tu. Mara zote tatu daktari alisema ni kidole tu. Akatia kidole gumba kwenye fomu ya kukubali, ingawa anajua kuandika. Alisema mkono umekataa.

Na kilikuwa kidole tu. Alikaa wodini siku kumi na moja, akarudi na miguu miwili. Siku hizi Gozbert humwosha mguu ule kila asubuhi kwa maji na sabuni kama alivyoelekezwa, huukagua chini kwa kioo, kisha hukung'uta kandambili zote za nyumba, hata za wageni. Hazungumzii papai. Ukimpa hula, lakini mbegu huzitema upesi.

Kuhusu Audax, nilidhani atafunga kibanda, maana mtaa mzima ulikuwepo. Sikuwa nimewajua wanadamu. Wiki ile ile alipandisha kibao kipya cha herufi nyekundu: MBEGU SABA. IMEPIMWA MAABARA. IMEOTA SANA. Mwenyekiti alimwendea kumkaripia, akajibu kuwa hajaandika uongo, na kama anabisha aulize katibu, yamo kwenye muhtasari na yamepigiwa mstari, nami kweli sikuwa nimeyafuta. Biashara imepanda. Wateja wengi sasa ni wanaume, wanakuja mmoja mmoja, hawasemi wanaumwa nini.

Mwezi uliopita Mama Apolonia alipita pale kwa mara ya kwanza, akichechemea, mumewe nyuma na mkoba. Audax alizima spika. Alitoka na chupa mikononi, ameishika kwa mikono miwili kama anayepeleka matoleo.

"Dada, hii bure. Kwa ajili ya hivyo vilivyobaki."

Mama Apolonia aliipokea chupa, akaitazama kwenye mwanga, akaona vitu vikielea. Akaimwaga yote mtaroni mbele ya wateja, akamrudishia chupa tupu.

"Ioshe kwa sabuni," alimwambia, "na maji ya moto."

Kisha akaendelea na safari yake, na Audax akabaki amesimama na chupa, akiisoma kama fomu inayongoja kidole chake gumba.